Kivuli cha Bobini

Jambo la kwanza watu walilokuwa wakiliona kwake ni mwavuli. Ulikuwa mweusi, mkubwa, wenye mkono wa mbao uliopinda, na aliubeba mwezi wa nne wakati wa mvua kama alivyoubeba mwezi wa saba, wakati vumbi la Mbugangari, mtaa wetu hapa Gisenyi, linaingia mpaka kwenye sukari. Jambo la pili lilichukua muda kuonekana: mtu huyu aliyejificha jua namna ile ndiye aliyekuwa akilitafuta kuliko yeyote mtaani kwetu. Nilikaa naye baraza moja miaka mingi, mimi na duka langu la nyuzi, vifungo na zipu, yeye na cherehani yake, na sina hakika kama nilimwelewa. Sasa hayupo tena, lakini udadisi wangu juu yake haujaisha, ndiyo maana ninaandika.

Tulimwita Fundi. Msikitini walimwita Mwadhini, kwa kuwa ndiye aliyewaita watu kwenye swala katika kimsikiti cha mbao nyuma ya mtaa. Kazi hizo mbili zilipatana vizuri isipokuwa kwenye suala la ahadi. Mtu aliyeweza kukuambia jua litakuwa juu ya paa la nani siku ya Idi alishindwa kabisa kukuambia gauni lako litakuwa wapi siku ya Jumapili. Wateja walimgombeza, wengine walimnunia, na wote walirudi, kwa sababu nguo yake ikikukaa imekukaa. Tena alikuwa na desturi ya kuacha kitambaa kingi ndani ya mshono, vidole viwili au vitatu, kilichokunjwa na kufichwa upande wa ndani. Mafundi wengine walimcheka kwamba anaharibu kitenge cha watu.

"Mutu anaongezeka," aliwajibu. "Anapungua pia. Nguo yenye haina nafasi ndani, hiyo si nguo, ni kifungo."

Mimi nilikulia Tanzania, wazazi wangu walikokuwa wamekimbilia, nikarudi na Kiswahili ambacho mtaani kilionekana kama kimevaa tai. Fundi hakuchoka kunitania kwa hilo.

"We Mutanzania," aliniambia siku nilipolalamika kwa mara ya tatu juu ya gauni langu, "Kiswahili yako iko nzuri mpaka mi naogopa kukujibu. Nitakushonea. Jumapili."

"Jumapili ipi, Fundi?"

"Ile yenye Mungu atatupatia."

Alivaa saa mbili. Ya mkono wa kushoto aliiita ya serikali, na aliitumia kwa mambo ya ofisi, benki na basi la Kigali. Ya mkono wa kulia aliiita ya jua, na aliirekebisha mwenyewe kila baada ya siku chache, mbele kidogo au nyuma kidogo, kwa hesabu aliyoipata barazani. Nilidhani ni kichekesho cha kizee. Nilimuuliza kwa nini asifuate simu kama watu wengine, maana simu siku hizi zinatoa adhana zenyewe. Hakukasirika. Alisema simu ni nzuri, hana ugomvi nayo, ila inamwambia jibu bila kumwonyesha swali. Neno hilo lilinikaa.

Swali lenyewe alilichora kwa chaki ya kukatia nguo kwenye sakafu ya saruji, ukingoni mwa baraza mahali paa lilipoishia. Alifunga uzi kwenye boriti, akatundika bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa cherehani, mwishoni ili uzi unyooke, na kivuli cha bobini ile kikawa kinatembea sakafuni asubuhi hadi jioni. Alikitia alama kama anavyotia alama bega la shati. Kivuli kinapokuwa kifupi kuliko vyote na kuanza kurefuka tena, adhuhuri imeingia. Baadaye, kinapofika urefu wa kitu chenyewe ukiongeza kile kidogo cha adhuhuri, imeingia alasiri. Mimi kila asubuhi nilipiga deki baraza na kufuta michoro yake yote, bila kujua. Hakunikataza hata siku moja. Alichora upya, akijisemea kwamba jana si ya leo.

Nilijua hadithi moja tu ya jua, ile tuliyofundishwa shuleni: sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua liko utosini. Nilimweleza hivyo kwa kujiamini. Ilikuwa mwezi wa sita. Aliniita, akanionyesha kivuli cha bobini saa sita kamili: kililala kuelekea Ziwa Kivu, kirefu kuliko nilivyotarajia.

"Utosi yako iko wapi sasa?" aliniuliza. "Iko Kivu?"

Alinifundisha kidogo kidogo, mwaka mzima, bila kuniambia ananifundisha. Mwezi wa sita jua la mchana liko upande wa mlima, kaskazini, kivuli kinaangukia ziwani. Mwezi wa kumi na mbili linahamia upande wa ziwa, kusini, kivuli kinaangukia mlimani. Utosini linapita mara mbili tu, katikati ya mwezi wa tatu na mwishoni mwa mwezi wa tisa, na siku hizo bobini inakula kivuli chake. Nilisubiri mwezi wa tatu kama mtoto anavyosubiri sikukuu. Siku ilipofika nilifunga duka, nikachuchumaa barazani, nikakiona kivuli kikipungua hadi kikawa duara dogo chini ya bobini, basi. Nilipiga makofi. Wapita njia walidhani nimepata habari njema kutoka nyumbani.

Gisenyi ni mji wa mawingu, kama mjuavyo. Ziwa linapika moja, milima inapika jingine. Siku ambazo anga lote lilikuwa kama shuka chafu nilidhani nitamshinda. Alitoa sindano kwenye ukosi wa koti, akaisimamisha kwenye ukucha wa dole gumba, akageuka polepole pale barazani. Mahali fulani alisimama. "Njoo uangalie." Nikainama. Kwenye ukucha kulikuwa na kivuli chembamba mno, cha kijivu, ambacho usingekiona sakafuni. Jua lilikuwa nyuma ya sindano, juu ya wingu, pale pale aliposema. Nilijaribu mwenyewe nyumbani, nikajichoma.

Jioni alitumia vidole. Wanawake waliovuka Grande Barrière, kituo cha mpaka wa Kongo, asubuhi kwenda kuuza Goma walipita kwetu wakirudi, na mmoja wao, muuza karoti wa Busasamana, alikuwa na safari ndefu ya kupanda. Alimuuliza Fundi kila siku kama mwanga utamtosha. Fundi alinyoosha mkono, akapanga vidole kati ya jua na milima ya Kongo, kila kidole robo saa. Siku moja alimwambia vidole vinne na giza likamkuta mama wa watu hata hajatoka mjini. Akarudi, akalala kwa Fundi. Mke wa Fundi alimpikia, akamtandikia, kisha akamgeukia mumewe mbele ya mgeni na majirani.

"Vidole yako imekonda, mzee. Njo maana inaona saa mingi. Kuanzia leo aniulize mi."

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Huyo mkewe ndiye mtu pekee niliyemwona akimsahihisha, na alipenda kusahihishwa naye. Kila siku kivuli kilipokaribia mstari wa adhuhuri, mkewe alitokea kwenye kona na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Fundi aliangalia chaki, akaangalia kona, akasema, "Jua inaweza kukosea. Ye hapana." Baada ya mkewe kufariki mstari wa adhuhuri uliendelea kuchorwa kama kawaida, lakini niliona kwamba akishauchora huangalia ile kona kwanza, kisha ndipo anakwenda kuadhini.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, lililomsumbua hadi mwisho. Fundi aliuliza jua kila kitu kasoro kimoja. Wakati wa swala alilitazama jua. Upande wa swala, yaani kibla, upande wa Makka, alitazama mlima, ile volkano ya Nyiragongo. Baba yake alimwambia: uelekee Nyiragongo. Familia zote za zamani za Waislamu wa mji, wafanyabiashara na wajukuu zao, zilielekea huko. Kimsikiti cha mbao kilielekea huko. Nilimuuliza kwa nini mtu mwenye jua kiganjani aache upande kwa mlima.

"Jua inatembea," alinijibu. "Mulima iko. Kwa saa, uliza kitu yenye kutembea. Kwa upande, uliza kitu yenye kusimama."

Nilikubali, kwa sababu lilikuwa jibu zuri. Na kwa mlima huo huo alimlaza mkewe. Waislamu humzika maiti ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla, na asubuhi ile mlima ulikuwa wazi tangu chini hadi kwenye moshi wake. Wachimbaji walimuuliza, yeye akanyoosha mkono. Nilikuwepo, nimesimama kando, pamoja na wanawake wenzangu. Alikuwa na hakika kabisa.

Miaka kadhaa baadaye kimsikiti kikabomolewa ili kijengwe cha matofali. Imamu mpya alikuwa kijana aliyesoma dini nchi za mbali, mpole, mwenye kusikiliza. Siku ya kupiga kamba za msingi vijana walitoa simu zao, wakafungua dira. Kila simu ilionyesha upande wake. Aliyesimama karibu na nondo alielekea Goma, aliyesimama juu ya lundo la mawe meusi ya volkano alielekea karibu na ziwani, na kila mmoja aliapa kwa simu yake. Mawe yetu yana chuma ndani, yanaivuta dira yanavyotaka. Kelele zikawa kubwa mpaka mimi Mkristo nikatoka dukani kwenda kuangalia. Fundi alisema mlima haujahama. Imamu alingoja wanyamaze.

"Mzee wangu," alisema, "kuna siku chache katika mwaka jua linasimama utosini pale Makka kabisa, adhuhuri yao. Siku zinazofuata ziko katikati ya mwezi huu wa saba. Wakati huo, mtu popote alipo akiliona jua, anaangalia Makka."

Nilimwona Fundi akigeuza geuza jambo lile kichwani, kisha uso ukafunguka.

"Donc, kumbe bobini ya kule inakula kivuli yake," alisema. "Sawa na ya kwetu mwezi ya tatu."

"Sawa kabisa, Mzee."

"Na mi niko hapa, naangalia jua ile ile, saa ile ile." Alimshika imamu mkono. "Mana yanje, Mungu wangu! Miaka yote hii, kwa nini hakuna mutu aliniambia?"

Alifurahi, nakuambia. Alirudi barazani akitembea upesi hadi mwavuli ukamgonga magoti. Alinieleza mara mbili, na mara ya tatu alimweleza mteja aliyekuja kudai suruali. Kisha katikati ya mara ya nne aliishia njiani. Akaweka mkasi chini. Alasiri imamu alipopita, Fundi alimuuliza swali moja.

"Na makaburi?"

Imamu alielewa mara moja. "Makaburi yako salama, Mzee. Aliye mbali na Makka anatakiwa aelekee upande, siyo nukta. Na upande ni mpana. Waliotangulia walijitahidi kwa walichokuwa nacho."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Siku ile aliunga mkono wa shati nje ndani, kosa ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Akiufumua aliniambia, bila kuniangalia, "Wachimbaji hawana makosa. Ni mi njo nilinyoosha mukono." Nilitaka kumwambia kwamba imamu ameshasema. Lakini imamu alijibu swali la dini, na Fundi alikuwa anauliza lingine: kama mwanamke ambaye hakuwahi kuchelewa na bakuli lake amelazwa ovyo na mtu aliyemwamini.

Siku ikafika, na anga likawa safi. Imamu alifungua kwenye simu matangazo ya moja kwa moja kutoka Makka, maana adhana ya adhuhuri ya kule ndiyo itakayotupa wakati. Fundi alisimamisha mti, akatundika bobini yake. Adhana ilipoanza simuni alipiga chaki juu ya kivuli cha uzi, kwenye ubao waliokuwa wameulaza, mstari mmoja ulionyooka. Vijana walivuta kamba kufuata chaki. Kila mtu aliinua uso kuona inaelekea wapi. Haikuelekea Nyiragongo. Ilipita kulia kwake, pale mteremko unaposhuka, kati ya Nyiragongo na mlima wa jirani, Mikeno. Watu walishangilia. Fundi aliangalia mlima wake, akaangalia kamba, akafungua mwavuli.

"Kesho jua bado iko pale?" alimuuliza imamu.

"Siku mbili tatu halisogei sana, Mzee."

Kesho yake asubuhi alikuja dukani kwangu kabla hata sijaweka vifungo nje. "Mutanzania, simu yako iko na ile Makka? Yangu ni ya kubonyeza tu." Nilifunga duka. Tulipanda moto mbili, zile pikipiki za abiria, hadi makaburini, yeye akiwa ameubana mwavuli kwapani, mita yake ya mbao ikitokeza mgongoni. Nilikuwa na hofu kwa ajili yake, na nitasema ukweli, nilikuwa pia na hamu ya kuona.

Kaburi la mkewe lilikuwa safi, limezungushiwa mawe meusi. Alisalimu, akaomba dua, kisha akachomeka mita ya mbao ardhini upande wa kichwa, akafunga uzi, akaiachia bobini itulie. Jua lilikuwa kali. Kivuli cha uzi kilitokea kwenye udongo, cheusi, chembamba, nilikiona hata nilipokuwa nimesimama. Nilishika simu. Fundi hakuangalia chini. Aliangalia mbele, kwenye milima.

Adhana ikaanza.

Alifungua mwavuli, akausogeza juu ya bobini. Kivuli cha uzi kikapotea ndani ya kivuli kikubwa. Akasimama hivyo, mkono umenyooka, kama mtu anayemkinga mwenzake na mvua. Mtu aliyeamka kila siku ya maisha yake kuliuliza jua, siku hiyo alilifungia mlango.

Ila mimi nilikuwa nje ya mwavuli. Kivuli changu mwenyewe kilikuwa kimelala juu ya kaburi, na hakikuomba ruhusa. Kama kaburi lingekuwa sawa na kamba ya jana, kingekatiza upana wake, kimenyooka kama msalaba wa mishono. Hakikunyooka. Kilikwenda mshazari.

Adhana ilipoisha aliniuliza, bado akiangalia milima. "We umeona?"

"Nimeona, Fundi."

"Ni mingi?"

Niliinama, nikapima kwa mkono toka kichwa cha kivuli changu hadi pale ambapo kingetakiwa kufika. Sikutaka kumpunguzia wala kumwongezea.

"Shubiri moja na nusu," nilisema.

Alirudia maneno hayo kwa sauti ndogo. Kisha nikaona mabega yake yakishuka, polepole, na akafunga mwavuli. Jua likampiga usoni na hakujali.

"Shubiri na nusu," alisema. "Hiyo inaingia ndani ya mushono. Ule kijana alisema upande iko mupana, mi sikusikia. Bon, sawa. Mungu pia ni fundi, haachi nguo bila nafasi." Akaanza kuzungusha uzi kwenye bobini. "Sasa sikiliza muzuri. Siku yangu ikifika, watakuja na kamba mupya. Mi nataka munilaze na shubiri na nusu ya bibi yangu. Tuangalie pamoja ni wapi ye anaangalia. Uwaambie ni mi njo nimesema."

"Kwa nini mimi, Fundi? Mimi si wa dini yenu."

"Ni we njo umepima."

Siku yake ilifika mwaka uliofuata, wakati wa mvua, mlima umefunikwa na mawingu yamejaa. Asubuhi imamu alikuja barazani. Nilikuwa nimekaa karibu na cherehani iliyofunikwa kwa kitambaa, chaki yake bado iko sakafuni, maana tangu alipougua nilikuwa nimeacha kupiga deki sehemu ile. Nilimweleza imamu kila kitu. Alifikiri kidogo, akiangalia mstari wa adhuhuri.

"Nafasi ipo," alisema. "Nionyeshe ni kiasi gani."

Nilitandaza vidole kwenye meza ya kukatia nguo, nikampimia shubiri moja, na nusu yake.